Talaka nimeipata, sasa wakili ananidai milioni 11. Nifanyeje?

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Naomba unisaidie mawazo maana hapa nilipo kichwa hakitulii na nyumbani sina wa kumwambia, mama yangu yuko Ukerewe na presha inampanda kwa vitu vidogo sana, sitaki kumuongezea.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, napokea mzigo kutoka visiwani nauza kwa wateja wa Dar na wengine wanatoka Kongo. Nina watoto watatu. Mume wangu tulifunga ndoa bomani mwaka 2009, mengi yametokea hapo katikati sitaki kuyaandika yote, itoshe kusema nilivumilia mpaka nikachoka. Baraza la kata walitukalisha ikashindikana wakatupa ile fomu namba 3 ya kwenda nayo mahakamani, na kwa kuwa mwenzangu alishaanza kutamba kwamba ana wakili na nitatoka na begi la nguo tu, na mimi nikaona nitafute wangu.

Dada mmoja tunayeuza naye akanipeleka kwa wakili, ofisi yake iko mjini ghorofani. Mtu mpole kabisa, akanisikiliza, akaandika andika, akasema mama hii kesi nyepesi, nipe milioni moja na nusu tunamaliza, utakuwa unanipa kidogo kidogo biashara ikikaa vizuri. Siku ileile nikampa laki nane mkononi. Kuna karatasi nilisaini, akaniambia ni ya kuonyesha tu kuwa yeye ndio wakili wangu, sikuisoma yote na kopi sina.

Basi kesi ikaanza mahakama ya wilaya. Anti kila tarehe ikifika lazima nitume laki moja, mara mafuta ya gari, mara kuchapa nyaraka, mara shahidi, na kutoka ofisini kwake mpaka mahakamani ni hapahapa mjini. Mi nikawa natuma tu kwenye simu kwa sababu nilikuwa naogopa nisipotuma hatatokea. Ukijumlisha na ile laki nane nimeshatoa kama milioni mbili na laki tatu hivi, risiti sijawahi kuona hata moja.

Wiki tatu zilizopita hukumu ikatoka. Ndoa imevunjwa, watoto ninabaki nao, kiwanja cha Buswelu nimepewa mimi, nyumba ya Igoma nimepata asilimia 40 ambayo inatakiwa iuzwe tugawane au yeye anilipe hisa yangu abaki nayo. Hakimu akamalizia kila upande ubebe gharama zake. Nilifurahi Anti, nilinunua soda watu wote pale sokoni.

Wiki iliyopita ikaingia bili WhatsApp. Nakunakilia kama ilivyo: ada ya kuendesha shauri 3,500,000. Mahudhurio mahakamani mara 14 kwa 150,000, jumla 2,100,000. Kuandaa nyaraka 800,000. Ushauri na mawasiliano 600,000. Asilimia 10 ya mali iliyookolewa 2,800,000. Ongeza VAT asilimia 18, jumla kuu 11,564,000. Chini kaandika ilipwe ndani ya siku 14. Nilizolipa zote hazipo humo ndani, yaani kama sijawahi kutoa hata mia.

Nikampigia nikamwambia wakili si tulisema milioni moja na nusu, akanijibu mama kazi imefanyika, matunda umeyaona, sasa tumalizane kiungwana, na hukumu yako iko kwangu utaichukua ukimaliza.

Mtaji wangu wote ni kama milioni nne na sasa hivi mwezi ni mkubwa, wavuvi hawaingii ziwani, hela imekata. Kuna jamaa wa kausha damu ameniambia anaweza kunipa milioni tano leoleo nikiweka bondi hati ya kiwanja. Na huyu niliyeachana naye sijui nani kamwambia, usiku kanipigia anasema nimuachie kiwanja cha Buswelu ananipa milioni tano keshi nikalipe madeni yangu, na kile kiwanja mthamini alikisema milioni nane. Sasa Anti nikope, nimuuzie, au nifanyeje? Siku 14 zinaisha wiki ijayo. Wabeja sana.

Mama Watatu, Kirumba


ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwanza. Najua hukuandika utake hongera ila kutoka kwenye ndoa ya bomani ya tangu 2009 ukiwa na watoto, kiwanja na asilimia 40 ya nyumba sio jambo dogo, wapo wanawake hapahapa Mwanza walitishiwa hilo begi la nguo na kweli wakatoka nalo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inaipa mahakama nguvu ya kugawa mali mliyochuma pamoja, na kwamba tangu ile kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema hata kazi za nyumbani ni mchango. Kwa hiyo wakili wako kazi ameifanya, hilo tusimnyime.

Sasa tuje kwenye hela.

Usikope. Usiuze. Sio wiki hii na sio kwa sababu ya hizo siku 14. Siku 14 kaziandika yeye kwenye karatasi yake, hazijatoka kwa hakimu. Bili ya wakili sio hukumu mdogo wangu, ni madai. Wewe unapokea magunia kila siku unajua, mwenye mzigo akishuka kwenye boti anataja bei yake na wewe hulipi bei ya kwanza, unafungua gunia unaingiza mkono mpaka chini uone kama ni dagaa au ni mchanga. Hiyo bili nayo uifungue hivyohivyo.

Mi nimeifungua kidogo kwa niaba yako. Hesabu yake ya VAT iko sawa, nimeipiga kwenye simu, 9,800,000 mara asilimia 18 inakuja 1,764,000, ukijumlisha unapata ileile 11,564,000. Kinachonisumbua mimi ni vilivyo juu ya VAT, na hasa viwili.

Cha kwanza ni hiyo asilimia 10. Milioni mbili na laki nane ni asilimia 10 ya milioni 28, maana yake amechukua kiwanja chako cha milioni nane akajumlisha na milioni 20 ambayo bila shaka ndio hisa yako ya asilimia 40 kwenye nyumba. Nyumba haijauzwa! Hiyo milioni 20 hujaishika, hujui utaishika lini, na akija mteja akataja bei ndogo kuliko ya mthamini utaishika pungufu. Halafu ameshakutoza ada ya kuendesha shauri milioni tatu na nusu, mahudhurio pembeni, nyaraka pembeni, ushauri pembeni, sasa hii asilimia ni ya kazi gani ambayo haijalipiwa huko juu? Mi naona hapo unalipishwa kitu kimoja mara mbili. Na hata akisema ni kawaida ya ofisi yake, kawaida ya ofisi yake lazima uwe umekubaliana nayo.

Ndio maana ile karatasi uliyosaini inanikosesha usingizi kuliko bili yenyewe. Inawezekana kweli ni barua tu ya kumpa kazi, na inawezekana ndani yake kuna mstari unasema mteja atalipa ada kadhaa pamoja na asilimia fulani ya mali. Kama huo mstari upo na sahihi yako ipo chini, hadithi inabadilika, sio kwamba umekwisha, ila makubaliano ya maandishi yana uzito na utakuwa unajitetea ukiwa umeinama. Kama haupo, basi yeye ndio mwenye kazi ya kueleza asilimia 10 imetoka wapi. Kwa hiyo kabla ya kubishana bei na mtu yeyote tafuta kopi ya hiyo karatasi. Ni haki yako kuiomba, wewe ndio uliyeisaini.

Cha pili ni yale mahudhurio 14. Huhitaji kubishana naye kwa kumbukumbu za kichwani, mahakama inaandika kila kitu. Nenda masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi yako, andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi uombe nakala zilizothibitishwa za hukumu, dikrii (yaani ile amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo wa shauri, taja namba ya kesi. Hapo utaona maneno ya kwamba hukumu iko kwangu yanaishiwa nguvu, maana wewe ni mdaawa, yaani mhusika wa kesi, nakala unapewa na mahakama yenyewe. Ukiupata mwenendo usiogope unene wake, kila tarehe mwanzoni wanaandika akidi, yaani mbele ya hakimu nani, mdai yupo au hayupo, wakili wake yupo au hayupo, halafu kilichofanyika. Chukua kalamu weka tiki. Kuna siku utakuta alikuwepo akahoji mashahidi asubuhi nzima, hiyo laki na nusu ni halali yake na zaidi. Kuna siku utakuta hakimu hayupo kesi ikaahirishwa ndani ya dakika tano. Kuna siku pengine utakuta aliyesimama ni wakili mwingine kabisa ametumwa kumsimamia, au hakuna mtu. Zote hizo haziwezi kuwa bei moja.

Na hapo sasa na wewe nikwambie ukweli. Usijidanganye kwamba kwa kuwa alitamka milioni moja na nusu na wewe umetoa milioni mbili na laki tatu basi hudaiwi hata senti. Ile bei aliitaja kabla mwenzio hajaleta wakili wake na kabla ya mthamini na mashahidi, kesi ikishakuwa ya kubishania mali inakula muda wa watu. Wapo wanaompigia wakili saa nne usiku kulalamikia friza na seti ya makochi halafu wanashangaa kuona kipengele cha mawasiliano. Sijui kama wewe ni mmoja wao, unajijua. Ninachosema ni kwamba ukienda kukaguliwa hiyo bili uende ukitegemea kushuka, usiende ukitegemea kufutiwa. Ila alipaswa kukwambia njiani kwamba bei inapanda. Mtu akikuambia nyepesi, akapokea laki moja moja kwa muda wote huo bila kusema neno, halafu siku ya mwisho anakuja na milioni 11, hapo hata kama kila mstari una kazi nyuma yake bado amekukosea.

Turudi kwenye ulizolipa maana hapo ndipo una silaha. Zile ulizotuma kwa simu nenda kwenye duka la mtandao wako omba taarifa ya miamala ya kipindi chote cha kesi, watakutolea, kila laki moja itaonekana na tarehe na jina la aliyepokea. Linganisha hizo tarehe na tarehe za mwenendo wa kesi uone zinavyofuatana. Ile laki nane ya mkononi ndio ngumu, tafuta kama kuna meseji yoyote siku ile, hata ya "nimepokea mama asante", na yule dada aliyekupeleka kama alikuwepo akumbuke. Na VAT, huyu bwana anakudai VAT asilimia 18 ilhali hajawahi kukupa risiti hata moja ya EFD! Hiyo ni kodi ya serikali, haikai mfukoni kwa wakili, anayeitoza lazima awe na namba ya usajili wa VAT na akupe risiti ya mashine, na sio ya hizi zinazokuja tu, hata za zile milioni mbili na laki tatu. Omba kwa adabu kabisa. Mara nyingi ukishataja EFD sauti inabadilika.

Kuna na ada za mahakama zenyewe, za kufungua shauri na nini. Hizo siku hizi zinalipwa serikalini kwa kontroo namba, kwa hiyo kama humo kwenye "kuandaa nyaraka" kuna hela anasema alikulipia mahakamani, akuonyeshe malipo ya kontroo namba, hazina kona kona.

Basi fanya hivi, usimpigie tena simu. Simu haina ushahidi na kwenye simu yeye anaongea vizuri kuliko wewe, ndio kazi aliyosomea. Mwandikie ujumbe, WhatsApp ileile aliyotumia yeye, na kopi uchapishe upeleke ofisini wakugongee muhuri wa kupokea. Nimekuandikia hapa, rekebisha upendavyo:

"Wakili habari za kazi. Nashukuru kwa kazi uliyonifanyia. Nimepokea bili yako ya shilingi 11,564,000. Kabla ya malipo yoyote naomba unipatie yafuatayo kwa maandishi: kopi ya makubaliano niliyosaini siku ya kwanza, mchanganuo wa mahudhurio kwa tarehe na kilichofanyika kila tarehe, msingi wa asilimia 10 uliyoandika, na risiti za EFD za fedha zote ulizokwishapokea kwangu, ambazo naona hazijapunguzwa kwenye bili. Sikatai kulipa kilicho halali. Nikipata hivyo tutakaa tuongee, na tusipoelewana nitaomba bili ikaguliwe na mahakama."

Hiyo sentensi ya mwisho sio kitisho cha mdomo, ipo kisheria. Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, tangazo la serikali namba 264, ndio inayoongoza mawakili watoze vipi, na chini yake bili inayobishaniwa inapelekwa kwa afisa wa mahakama anayekagua gharama, ambaye kwa Mahakama Kuu ni msajili au naibu msajili. Anapitia mstari kwa mstari, anaangalia ugumu wa kesi, muda, na kilichofanyika kweli, anakata anachoona kimezidi. Na ipo kanuni humo naipenda sana, kwamba aliyeleta bili ikikatwa zaidi ya moja ya sita, ukiacha ada za mahakama, basi hapati gharama za huo ukaguzi wenyewe. Yaani wakili anayejua ameongeza chumvi anafikiria mara mbili kabla ya kwenda huko. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 21 kwenda kwa jaji. Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza ipo hapahapa mjini, ingia masjala uliza utaratibu wa kukagua bili kati ya wakili na mteja wake, watakuelekeza pa kuanzia, kuuliza ni bure.

Kuna watu watakwambia kimbilia Kamati ya Mawakili ukamshtaki. Ipo kweli, iko chini ya Sheria ya Mawakili sura ya 341, na inaweza kumuadhibu wakili mpaka kumfungia, lakini hiyo ni ya mwenendo mbaya. Kutokutoa risiti, kukaa na fedha za mteja, vitisho, hayo yanakwenda huko. Kukukatia bei sio kazi yao. Ukianza na mashtaka utakuwa umefunga mlango wa kuongea na bei bado iko palepale. Mi ningeliweka hilo pembeni kwanza nione atajibu nini. Unaweza kupitia tawi la Mwanza la chama chao, TLS, ukaomba wakuite wote wawili mkae, wakili akijua wenzake wanasikiliza hupunguza ukali. Na kwa kuwa hutaki kulipia wakili wa pili wa kukupigania dhidi ya wakili wa kwanza, ambayo ingekuwa kichekesho, nenda kwenye shirika la Kivulini, wapo hapa Mwanza na wamezoea kesi za akina mama, au muulize afisa ustawi wa jamii wa manispaa akuelekeze kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hawa wasaidizi wanatambulika, watakusomea hiyo karatasi na kukuandikia barua bila kukutoza. Ila angalia usije ukaangukia kwa wale vishoka wa kwenye ngazi za majengo wanaokuambia "mama nipe laki moja nakufutia hilo deni". Mtu akijiita wakili mtazame kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa mahakama, weka jina lake uone kama yumo na kama leseni yake iko hai.

Mkishafika mahali mkakubaliana, tuseme imebaki milioni mbili au tatu ya halali, usikubali kulipa kwa mkupuo na usikubali tarehe za mwisho wa mwezi kama vile una mshahara. Mwambie wazi biashara yako inafuata giza. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna mzigo, kukiwa na giza taa zinaingia ziwani na hela inarudi, basi awamu zako ziangukie wiki za giza. Muandikiane, msaini wote, na kila awamu risiti. Mtaji wa milioni nne usiguse zaidi ya faida, ukila mtaji hutalipa wakili wala ada za shule.

Huyo wa kausha damu sina maneno mengi naye. Anataka hati ya kiwanja kwa milioni tano, kiwanja ambacho umekipata kwa hukumu ambayo wino wake haujakauka. Mpotezee namba.

Sasa huyu bwana wa zamani. Kwanza jiulize amejuaje unadaiwa. Inawezekana ni maneno ya sokoni tu, Kirumba hakuna siri, ila kuanzia leo mambo ya bili yako yaishe kwako na kwa atakayekusaidia. Pili, milioni tano kwa kiwanja cha milioni nane, na kiko Buswelu, ambako makao makuu ya manispaa ya Ilemela yapo na mji unakwenda hukohuko, bei ya mthamini ya leo sio bei ya mwakani. Alishindwa kukipata mbele ya hakimu, sasa anataka kukipata kwa simu ya usiku. Tatu, na hili ni muhimu, yeye ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu tangu siku ya hukumu, na wewe umesema hukumu ina wiki tatu, kwa hiyo bado yumo ndani ya muda. Ukianza kuuziana na kuandikishana vitu hivi sasa na kesho akakata rufaa utajikuta kwenye vurugu ambayo itahitaji wakili mwingine na bili nyingine. Akipiga tena mwambie anayedaiwa hapa ni yeye, asilimia 40 ya nyumba ya Igoma, aeleze kwa maandishi anakulipa lini au nyumba inauzwa lini. Hiyo ndio hela ambayo ingekutoa kwenye hili bila kugusa mtaji wala kiwanja, na nashangaa wakili wako kwenye ujumbe wake hakuisema.

Kesho asubuhi kabla ya mzigo kuingia pita masjala uache barua ya kuomba nakala, ujumbe wa wakili utume ukitoka hapo. Akikutumia ile karatasi uliyosaini ipige picha kurasa zote mbele na nyuma unitumie, usifiche ukurasa, nataka kuona kama hiyo asilimia 10 imo.